Januari Mbili za Same

Saa kumi na moja na nusu alfajiri ya tarehe 7 Januari 2025 nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya kibanda cha kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, karibu na stendi ya Same. Upepo wa mji ule, unaoshuka mlimani bila kuleta mvua, ulikuwa unachezea bati la juu. Kaka alikuwa ameegemeza simu kwenye chupa ya maji, bando alikuwa amelinunua tangu jioni, na alishanionya kwamba nikiongea atanitoa nje. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kwa ajili ya utafiti wa shahada ya uzamili. Nilikuwa natafuta wazee wanaokumbuka jambo lililotokea Same mwezi Januari, miaka themanini iliyopita. Yeye alikuwa anamsubiri mzee mwingine, aliyeko Las Vegas, apande jukwaani.

Mzee huyo ni Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, kampuni inayobuni chipu ambazo mifumo mingi mikubwa ya akili mnemba inazitegemea. Kabla ya akili mnemba kuifanya kuwa miongoni mwa kampuni zenye thamani kubwa kuliko zote duniani, Nvidia ilijulikana kwa kadi za michoro, yaani kile kipande cha kompyuta kinachochora picha kwenye skrini. Wacheza gemu ndio waliokuwa wateja wake wa kwanza. Kaka si mcheza gemu sana. Ni fundi wa simu na kompyuta, na kila Jumamosi anapiga video za harusi na sendofu kuanzia Same mjini hadi Hedaru. Video ya saa tatu inamla usiku kucha kwenye kompyuta yake, na umeme ukikatika saa tisa anaanza upya. Kwa miaka miwili alikuwa anaweka akiba ya kununua kadi mpya. Akiba hiyo ndiyo iliyokuwa imekaa nasi alfajiri ile, mtu wa tatu kwenye kibanda.

Huang alipanda akiwa na koti jeusi la ngozi linalong'aa kama mgongo wa mamba. Hazikupita dakika nyingi akaonyesha kadi mpya za mfululizo wa RTX 50. Ya juu kabisa, 5090, dola 1,999. Kisha akaja kwenye ile ambayo kaka alikuwa anaisubiri, 5070, dola 549. Akasema kadi hiyo inatoa utendaji wa 4090, kadi ambayo mwaka 2022 ilitoka kwa dola 1,599.

Kaka alisimama. Alipiga hesabu kwa sauti: dola 549 ni kama milioni moja na laki tatu na ushee za Tanzania, kabla ya usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Ilikuwa bado pesa nyingi, lakini ilikuwa pesa anayoweza kuifikia. Kwa muda kama wa dakika moja alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani Same.

Halafu akakaa. "Ngoja," akasema. "Kwa namna gani?"

Jibu lilikuwa ndani ya hotuba yenyewe. Huang alieleza kwamba jambo hilo lisingewezekana bila akili mnemba. Picha inayotembea kwenye gemu ni mfuatano wa picha nyingi zilizoganda, ziitwazo fremu. Kadi ya kawaida inazikokotoa moja moja. Teknolojia mpya inaiacha kadi ikokotoe fremu moja, kisha akili mnemba inakisia hadi fremu tatu za kuongeza. Macho yanaona nne. Ukihesabu zote nne, kadi ndogo inaifikia kubwa. Ukihesabu ile iliyokokotolewa tu, haifikii.

"Kwa hiyo amehesabu na za kukisia," kaka akasema. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza jambo ambalo ndilo lililomuuma: ufundi ule ni wa gemu. Bwana harusi anayeingia ukumbini Makanya ameshapigwa video tayari. Fremu zake zote zipo kwenye kadi ya kumbukumbu, na kompyuta inatakiwa kuzichakata moja baada ya nyingine. Kwa kazi yake, ile sentensi iliyomsimamisha haikuwa na maana yoyote.

Kulipokucha alianza kusoma maoni ya watu duniani. Wapenzi wa kompyuta walikuwa wamegawanyika. Wengine walishangilia bei, kwa sababu walikuwa wametarajia mbaya zaidi. Wengine walizibatiza fremu za kukisia jina la fremu bandia, na wakakumbusha kwamba 4090 ina kumbukumbu ya gigabaiti 24 na 5070 ina 12 tu. Wawekezaji nao walikuwa na lao. Hisa za Nvidia zilikuwa zimefunga siku ya tarehe 6 kwa bei ya juu kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Tarehe 7 zikashuka kwa zaidi ya asilimia 6. Zaidi ya dola bilioni 200 za thamani ya kampuni zikayeyuka kwa siku moja, kiasi kinachozidi mara mbili pato la taifa la Tanzania la mwaka mzima.

Mwanafunzi wa historia anafundishwa kutorukia sababu moja. Siku hiyo soko zima la hisa za teknolojia lilishuka, kwa hofu ya riba na mfumuko wa bei Marekani. Lakini wachambuzi wengi walisema pia kwamba wawekezaji walikuwa wamekwenda kutafuta habari za chipu kubwa za vituo vya data, zinazoiletea kampuni pesa nyingi zaidi, wakapewa gemu, roboti, magari na kompyuta ndogo ya mezani ya dola 3,000. Hakuna aliyesema bidhaa ni mbovu. Walisema haikuwa ile waliyoinunua kichwani mwao kabla hajapanda jukwaani.

Nilimwacha kaka na simu yake, nikapanda gari kwenda Usangi kumwona bibi.

*

Jambo nililokuwa nalitafuta linaitwa mbiru. Kama umesoma historia sekondari pengine ulilikuta katika mstari mmoja, kwenye orodha ya harakati za kupinga ukoloni, likiwa limebanwa kati ya Maji Maji na TANU. Aliyeliandikia kitabu ni Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanahistoria aliyeutumia sehemu kubwa ya umri wake kuiandika historia ya Wapare. Kitabu chake kidogo kuhusu mbiru kilitoka mwaka 1971.

Kwa ufupi ni hivi. Hadi miaka ya mwanzo ya 1940, kila mwanamume wa Upare alilipa kodi ya kiwango kimoja, mwenye ng'ombe thelathini sawa na mwenye mbuzi wawili. Serikali ya Kiingereza, kwa kushirikiana na baraza la machifu wa Upare, ikaja na mpango mpya: juu ya kodi ile ya kawaida kuwe na tozo inayopanda kulingana na mali ya mtu. Mwenye nacho atoe zaidi, asiye nacho atoe kidogo. Ili mpango usionekane mgeni, ukapewa jina la kale, mbiru, neno lililotumika zamani Ugweno kwa ushuru aliopelekewa mtawala.

Ukiusikia mpango huo leo, katika semina ya chuo, utaupigia makofi. Ndio msingi wa kodi za nchi nyingi duniani. Mimi mwenyewe nilipousoma mara ya kwanza nilijiuliza wazee wetu waligomea nini hasa. Ilikuwa kodi ya haki zaidi kuliko ile waliyokuwa wanailipa bila kelele.

Wazee waligoma. Januari 1945, vita vya dunia vikiwa bado havijaisha, maelfu ya wanaume kutoka Usangi, Ugweno na Mamba waliteremka hadi Same, makao makuu ya wilaya. Kwa mtu wa Usangi hiyo ni safari ndefu ya miguu: unashuka ukungu na migomba, unatembea kwenye joto la tambarare, huku reli ya Tanga na Moshi ikikuonyesha njia. Walifika kwa Bwana Shauri, wakasema hawaitaki mbiru. Walipoambiwa warudi makwao, hawakurudi. Walikaa. Hawakuchoma nyumba wala kuua mtu. Walikaa Same, majuma yakawa miezi, wanawake wakiwaletea chakula, mashamba ya milimani yakibaki na nusu ya mikono. Serikali iliwahamisha kwa nguvu viongozi kadhaa nje ya wilaya ikidhani umati utatawanyika. Mgogoro uliendelea.

Mwanzoni mwa 1946 wanawake wa Usangi wakaingia wenyewe. Ofisa wa serikali alipofika kule, walimzunguka wakidai suala lile limalizwe. Habari iliyobaki, na ambayo wazee bado wanaisimulia wakiziba midomo kwa kucheka, ni kwamba walimwambia: wewe ndiye uliyetuzuilia waume zetu Same, basi kama hutaki kumaliza, uwe wewe mume wetu, utuzalishe sote. Kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Kulitokea mapambano na askari. Lakini kufikia 1947 mbiru ilikuwa imeondolewa, kodi ya kiwango kimoja imerudi, na serikali ikaanza kuwaingiza wawakilishi wa watu wa kawaida katika mabaraza ambayo awali yalikuwa ya machifu na watu wao.

*

Bibi alikuwa mtoto wa miaka saba hivi wakati ule. Nilimkuta anachambua maharage barazani, nikamwamkia, nikakaa, na baada ya habari za mji na za afya nikamuuliza kwa nini baba yake alikwenda Same.

"Alikwenda kwa ajili ya ng'ombe," akasema.

Nikamwambia kitabuni imeandikwa kodi.

"Kodi ya ng'ombe. Waliandika ana ng'ombe sita."

"Alikuwa nao wangapi?"

"Zizini kwake walikuwa sita. Wake walikuwa wawili."

Ilinichukua muda kuelewa, ingawa nimezaliwa humo humo. Ng'ombe wa Mpare hakai lazima kwa mwenyewe. Unamkabidhi kwa shemeji, kwa rafiki wa kijiji cha pili, kwa mtu mwenye majani. Anamtunza, anapata maziwa na samadi, na siku ndama wakiongezeka mnaelewana. Ng'ombe wanne katika zizi la babu mkuu walikuwa amana za watu. Na yeye mwenyewe alikuwa na ng'ombe mmoja kwa mtu mwingine, ambaye naye pengine aliandikwa kuwa mali ya huyo mtu. Mkadiriaji alipita njiani, akatazama zizi, akaandika namba.

"Walituambia ni kodi ya haki," bibi akasema, akirusha haragwe bovu kwa kuku. "Mama alikuwa anasema: haki gani, mtu hajauliza huyu ng'ombe ni wa nani?"

Hapo ndipo kibanda cha alfajiri kiliponirudia. Sikutaka kirudi, maana nafahamu hatari ya kulinganisha vitu kwa sababu tu umevikuta katika wiki moja. Tozo ya mkoloni, yenye askari nyuma yake, si kadi ya kompyuta ambayo mtu ana hiari ya kutoinunua. Lakini swali la mama yake bibi na swali la kaka lilikuwa lilelile. Wote wawili waliwekewa mbele namba nzuri. Wote wawili waliuliza ni kiasi gani cha namba hiyo kimehesabiwa, na ni kiasi gani kimekisiwa. Na wote wawili hawakuwa na ugomvi na wazo lenyewe. Kaka anakubali kwamba kukisia fremu ni ufundi mkubwa. Mwenye kompyuta dhaifu anaweza kucheza gemu ambalo lisingefunguka kwake. Mwenye nacho kutoa zaidi ni jambo ambalo hata katika harambee zetu tunalijua. Walichokataa ni makisio kuvalishwa nguo za hesabu.

Kwa nini basi watu walitenda tofauti namna ile? Mchumi Albert Hirschman aliandika mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhika na kampuni au serikali ana njia mbili kubwa: kuondoka au kupaza sauti. Katikati yake kuna utii, ule moyo wa kushikamana unaomfanya mtu asiondoke haraka. Wazo hilo lilianza kumjia alipokuwa akiitazama reli ya Nigeria, ambayo ilizidi kuzorota kwa sababu wateja wenye sauti kubwa walihamia kwenye malori badala ya kubaki na kulalamika.

Mwekezaji wa Nvidia aliondoka. Hakuhitaji kujadiliana na mtu. Alibonyeza kitufe akauza, na kushuka kwa bei ndio ulikuwa usemi wake. Mpenzi wa kompyuta alipaza sauti, alilalamika, alidhihaki, na wengi wao, kwa sababu wameshikamana na jina lile tangu utotoni, hatimaye walipanga foleni. Mpare wa 1945 hakuwa na hisa ya kuuza. Angeondoka kwenda wapi? Makaburi ya ukoo wake yako mlimani, mifereji ya maji ameirithi, ng'ombe wake wako kwenye mazizi ya watu. Kwa hiyo alibaki na sauti, na kwa kuwa sauti ya mtu mmoja ilikuwa haisikiki ofisini, waliteremka wote wakaiketisha Same hadi isikike.

Utani wa nchi hii unasema Mpare atauza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Nimeusikia tangu shule ya msingi, nikacheka na waliokuwa wananicheka. Siku hizi naufikiria kwa namna nyingine. Mtu aliyewahi kuandikiwa ng'ombe sita akiwa na wawili anajifunza kwamba jambo dogo likiandikwa vibaya linageuka kubwa, na kwamba siku ya kubishana nalo ni ile siku ya kwanza, kabla wino haujakauka.

Lakini sitaki kuwapamba wazee wetu kupita kiasi. Kodi ya kiwango kimoja iliyorudi haikumsaidia maskini. Mwenye mbuzi wawili aliendelea kulipa sawa na mwenye ng'ombe thelathini, na katika umati ule wa Same bila shaka walikuwemo matajiri waliofurahi kimoyomoyo. Wazo zuri lilikufa kwa sababu waliolileta hawakuona haja ya kukaa chini na walipaji wakakubaliana jinsi ya kuhesabu. Hiyo ni hasara, na nadhani inastahili kuandikwa pamoja na ushindi. Ukiwaletea watu kipimo ambacho hawaruhusiwi kukikagua, watakitupa hata kama kingewafaa, kisha watakaa na kile cha zamani kisicho cha haki lakini wanachokielewa.

*

Nilirudi Dar es Salaam mwisho wa mwezi. Nilikuwa na daftari mbili za maelezo ya wazee, na sura ya tatu ya tasnifu iliyobidi niiandike upya, kwa sababu nilikuwa nimeipa kichwa cha habari kinachosema Wapare walipinga kodi ya mali. Msimamizi wangu aliuliza walipinga nini basi. Nikamwambia: ukadiriaji. Akasema nithibitishe. Bado nathibitisha.

Kadi ya 5070 iliingia sokoni mwezi Machi. Wapimaji huru walipoiweka kwenye majaribio bila fremu za kukisia, ilikuwa chini ya 4090 kwa umbali unaoonekana. Kaka alinitumia ujumbe wa neno moja: "Wamepima." Wakati huo hisa na mihemko vilikuwa vimeshahamia kwenye habari nyingine.

Akiba yake ilikaa hadi alipokuja Dar kununua vipuri vya simu. Nilimsindikiza Kariakoo, ghorofa ya pili ya jengo moja lenye maduka ya kompyuta yaliyobanana, kwa muuzaji wa kadi za mtumba. Muuzaji alianza kutaja namba: gigabaiti kadhaa, kasi kadhaa, inafanya kazi kama fulani mpya. Kaka alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima. Kisha akatoa flashi mfukoni. Ndani yake kulikuwa na video ya harusi ya saa tatu, ileile iliyokuwa inamlaza macho.

"Ichomeke hiyo kadi, bosi," akasema. "Tutoe hii hapa, mimi nikiwa naangalia."

Muuzaji alisema itachukua muda mrefu, wateja wengine wanasubiri. Kaka akavuta kigoda, akaniletea na mimi kimoja. Tukakaa.